Mshono Ukiwa Nje: Niliyojifunza Nikifumua Makoti ya Mtumba

Wanaotaka kujaribu udenguzi wa mavazi, yaani ile nguo iliyofumuliwa, ikaundwa upya na mishono yake ikaachwa nje kila mtu aione, huniuliza kwanza wanunue mkasi gani. Mkasi usubiri. Miezi yangu ya mwanzo ilikwenda kwa wembe, kijisu cha kufumulia, chaki na tepu ya karatasi. Nilipokuja kukata, nilikuwa nimeshajua koti linasimama kwa nini. Yale niliyowahi kuyakata kabla ya hapo yaliishia kuwa matambara ya kufutia mafuta ya cherehani.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya ubunifu wa mavazi, Dar es Salaam. Kila mwanafunzi alitakiwa kutoa mavazi matatu yenye wazo moja, pamoja na kitabu cha kazi kinachoonyesha hatua zote. Wenzangu wengi walichukua kitenge, batiki na nguo za harusi. Mimi nikachagua makoti ya suti ya kiume kutoka mitumba, kwa sababu nilikuwa nimeona picha za kazi za mbunifu Martin Margiela zikanikosesha usingizi, na kwa sababu sikuwa na hela ya kununua kitambaa kipya cha sufu. Ukweli ni kwamba hiyo ya pili ndiyo iliyoamua.

Picha za simu zinadanganya. Unaona tundu, uzi unaning'inia, bega limebanduka, unajisemea: aa, hii hata mimi naiweza. Nilipoanza kusoma habari za wenyewe ndipo nilipopunguza mdomo. Rei Kawakubo wa Tokyo, mbunifu aliyeanzisha chapa ya Comme des Garçons mwaka 1969 na kuanza kuonyesha kazi zake Paris mwaka 1981, alitoa mwaka 1982 sweta jeusi lililojaa matundu, na wakosoaji wa Ulaya wakashika vichwa. Matundu yale hayakuwa ya panya. Skrubu za mashine ya kufumia zililegezwa makusudi ili mashine iruke hapa na pale. Margiela naye, Mbelgiji aliyesomea Antwerp na kufungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1988, alichukua soksi za jeshi, akazipasua na kuziunga zikawa sweta, na visigino vya soksi akavipanga viangukie kifuani na kwenye viwiko, pale ambapo mwili unahitaji nafasi. Ukikaa ukalifikiria lile sweta utaona ni hesabu ya patani tupu, yaani ile michoro ya kukatia vipande vya nguo. Hao watu walikuwa mafundi kwanza, fujo ikafuata.

Aliyenigusa zaidi ni Lamine Kouyaté, mzaliwa wa Bamako, mwenye chapa ya XULY.Bët, aliyejulikana Paris miaka ya 1990. Alikuwa ananunua nguo zilizokwisha kuvaliwa, anazikata, anaziunga tena kwa uzi mwekundu unaoonekana toka mbali, mishono nje. Kwa Margiela nguo kuukuu ilikuwa uamuzi. Kwa mtu aliyekulia Afrika Magharibi, kama kwetu, nguo kuukuu kutoka Ulaya ndiyo nguo yenyewe, ndiyo inayofika. Wazee wetu waliiita kafa Ulaya na wakaivaa hivyo hivyo. Hapo nikaona nina pa kusimamia.

Basi nikaenda Karume, lile soko la Ilala lililoungua Januari 2022 na sasa limerudi na kelele zake zote. Asubuhi belo linapofunguliwa wanaotangulia ni wenye maduka na wanaouza mtandaoni. Wanachukua kile cha kwanza, kisafi, chenye lebo inayojulikana. Mwanafunzi wa udenguzi hana haja ya kusukumana nao. Nenda mchana, rundo likiwa limeshapekuliwa, uchukue kilichokataliwa.

"Dada, hilo limetoboka kwapani. Chukua hili zima."

"Hilo hilo kaka."

"Unataka bovu?"

"Nataka bovu, lakini liwe la sufu."

Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje anione. Koti lile nililipata kwa elfu tatu. Niliporudi akawa ameshasikia kwamba ni kazi ya chuo, na mabovu yakapanda bei yakafika elfu saba. Kwa hiyo usijieleze sokoni. Ukiulizwa, sema unatafuta vitambaa vya kushonea mapochi.

Namna ya kuchagua nilifundishwa nikiwa nimeshanunua vibaya, kwa hiyo nawapa bure. Shika koti kifuani, chini kidogo ya tundu la kifungo, ubane kitambaa cha nje kwa vidole na kuvuta taratibu ukitenganisha na cha ndani. Ukihisi kuna kitambaa cha tatu kinachoelea katikati, koti limeshonwa kwa turubai, kile kitambaa kigumu cha ndani kinacholipa kifua umbo. Ukihisi vyote vimegandana kama kadibodi, limebandikwa gundi kwa pasi kiwandani. La gundi halina ubaya kwa anayelivaa, ila kwa anayelifumua ni mateso: kitambaa hakirudi ulaini wake, gundi inabaki na vidoadoa, na ukilifua kwa maji ya moto linatoka viputo kifuani ambavyo hakuna pasi itakayovitoa. Halafu geuza ndani uangalie upana wa kitambaa cha akiba kwenye mishono, hasa wa mgongoni na wa kiunoni. Makoti ya zamani, yale mazito ya wazee wa Kizungu, yana akiba ya kutosha, na hiyo akiba ndiyo mtaji wako. Mwisho angalia kwapa. Jasho linaoza nyuzi polepole, na kwapa lililooza linachanika ukiligusa na sindano.

Kuhusu lebo, usiiamini. Chomoa nyuzi chache kutoka ndani ya mshono, uziunguze kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba inanuka karatasi. Polista inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Nimekuta makoti yaliyoandikwa sufu tupu yakaacha kitone kigumu kama shanga.

Fua kabla ya kufumua, kwa maji baridi na sabuni laini, anika kivulini. Vipande vikishatengana huwezi kuvifua tena, vinachuja nyuzi pembeni mpaka patani yote inapotea.

Kuna mzee anayeshona suti Ilala, tangu mimi sijazaliwa. Nilimpigia shikamoo, nikamweleza shida yangu, akanipa kona ya kibaraza chake kwa sharti la kufagia asubuhi. Siku hiyo hiyo akaniona nimeshika wembe, nachana mshono wa bega.

"Binti, unafumua kama mwizi. Anza pale alipomalizia aliyeshona."

Sikumwelewa. Akachukua koti, akaingiza mkono ndani ya bitana ya mkono mmoja, akaligeuza. Karibu na kiwiko kulikuwa na mshono mfupi uliopigwa juu kwa juu, tofauti na mingine yote. Akanieleza: kiwandani koti linashonwa ndani nje, bitana na koti vinaunganishwa pande zote, kisha koti zima linavutwa kupitia tundu lililoachwa kwenye bitana ya mkono, na tundu hilo ndilo linalozibwa mwisho kabisa. Mlango ni huo. Ukifumua hapo, unarudi nyuma hatua kwa hatua: bitana ya chini, bitana ya mikono, mikono yenyewe, kola, mabega, na ubavu mwishoni. Kila mshono unaofungua unakuonyesha uliotangulia. Mifuko aliniambia niiache, na mpaka leo sijafumua mfuko uliokatwa kifuani, kwa sababu umepasuliwa kwenye kitambaa na ukiufungua unabaki na mpasuko usio na dawa.

Ufundi wa kufumua wenyewe ni huu. Mshono wa kawaida wa cherehani, kata uzi wa upande mmoja kila baada ya mishono mitatu au minne, kisha geuza uvute uzi wa upande wa pili; unatoka mrefu, mzima. Usitie wembe katikati ya vitambaa viwili ukakimbia nao, utakuja kulia. Ovaloki, ule mshono wa kuzuia ukingo usichuje, kata vile vitanzi vya pembeni, kisha vuta nyuzi zilizonyooka. Na ukikuta mshono wa mnyororo, kwenye jinzi upo sana, jua ni ule ule unaofunga mfuko wa unga wa sembe: kuna ncha moja ambayo ukiivuta wote unafunguka kwa mkupuo, na ncha nyingine ambayo hata uivute na meno haiendi popote.

Kila kipande kikitoka, bandika tepu ya karatasi uandike: kushoto au kulia, mbele au nyuma, juu ni wapi. Piga picha kabla na baada. Unaona ni kazi ya bure mpaka siku unapokuwa na vipande vya makoti manne mezani, vyote vya kijivu, umeme umekatika, na hujui mkono huu ni wa nani.

Ngoja niseme kilichonifanya nibaki kwenye kazi hii, maana si bei wala alama. Ni ndani ya koti moja la kijivu lenye mistari myembamba. Nilipotoa bitana, nilikuta kifuani turubai ya rangi ya mchanga, ngumu kidogo, yenye nywele za farasi zilizofumwa ndani yake, na juu ya ile turubai mamia ya mishono midogo ya mkono iliyolala mshazari, safu kwa safu, inayoshika turubai na kitambaa cha nje bila kutokeza nje. Kwenye kunjo la kola mishono ilikuwa imebanana zaidi, kwa sababu hapo ndipo kola inapotakiwa kujikunja yenyewe bila kupigwa pasi. Chini ya kola kulikuwa na kitambaa cha felti kilichokatwa mshazari ili kizunguke shingo. Juu ya mkono, ndani ya bega, kipande cha pamba iliyoshindiliwa kinachoupa mkono ule mviringo wake. Na pale mshono wa mgongo ulipofunguka, kulitokea mstari mweusi zaidi, upana wa kidole, rangi halisi ya koti kabla jua na sabuni havijaifikia. Mvaaji hakuwahi kuuona. Hakuna darasa lililonifundisha suti kama lile koti la elfu nne.

Mstari ule mweusi ndio ukawa wazo langu. Niliamua mavazi yote matatu yaonyeshe kilichokuwa kimefichwa: akiba ya mshono, turubai, felti, rangi ya zamani. Kilichokuwa ndani kikae nje. Kuandika wazo hili kwenye kitabu cha kazi ni rahisi kabisa. Kulivalisha mtu ndiyo shughuli.

Kwanza, nilihitaji umbo la kufanyia kazi. Midoli ya dukani haifai, migumu, haichomeki pini, na haina tumbo wala makalio ya mtu yeyote ninayemfahamu. Nikavaa fulana kuukuu, rafiki yangu akanizungushia tepu pana kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga, tabaka juu ya tabaka, akakata mgongoni nikatoka, tukajaza matambara na kusimamisha juu ya mti wa fagio. Nilitoka jasho na nusura nizimie, lakini nilipata mdoli wa mwili wangu kwa gharama ya tepu. Fanyeni asubuhi kabla ya jua, na msibane mbavu.

Pili, uzito. Koti la suti linaning'inia kwenye mabega yote mawili sawasawa. Ukitoa pedi ya bega moja, ukahamisha mkono mmoja mgongoni, au ukaacha upande mmoja na turubai na mwingine bila, nguo nzima inasafiri. Vazi langu la kwanza lilikuwa zuri kwenye mdoli. Mwenzangu alipolivaa akatembea kidogo, kola ilikuwa imehamia sikioni. Ilibidi nishone ndani kamba ya pamba kutoka bega hadi bega, na utepe kuzunguka shingo ili isivutike. Nguo ya kawaida inabebwa na umbo lake. Hii inabebwa na vitu ambavyo lazima uvifikirie kimoja kimoja, kwa hiyo ikaguliwe ikiwa imevaliwa, mtu akikaa, akiinama, akipanda daladala.

Tatu, pembe zilizoachwa bila kukunjwa. Kitambaa kilichokatwa kufuata nyuzi kitachuja moja kwa moja na kutoa matamvua yaliyonyooka. Kilichokatwa mshazari hakichuji sana, kinabaki na manyoya mafupi. Jezi, kitambaa cha kuvutika kama cha fulana, haichuji kabisa, inajikunja. Chagua unachotaka kabla, kisha piga mshono mmoja mwembamba, nusu sentimita kutoka ukingoni, uzi wa rangi ile ile. Mchujo ukifika hapo unasimama. Bila huo mshono unampa mtu nguo inayoliwa na siku zake.

Haya yote ni ufundi, yanajifunzika. Lililonisumbua zaidi lilikuwa macho ya watu.

Nilivaa koti la kwanza nyumbani. Mama alinitazama kwa muda, akageuza ukingo wa mkono kwa kidole.

"Hii umeshaimaliza, au bado ipo kwa fundi?"

"Nimemaliza mama."

"Haya. Ila usiivae ukienda kwa shangazi yako."

Nilicheka, lakini usiku nililia kidogo, nisidanganye. Baadaye nikaona mama alikuwa amesema jambo ambalo vitabu vyote vya mitindo nilivyosoma vimeliruka. Paris mtu akipita na koti lenye ukingo uliochanika, anayemtazama anajua amelipia. Manzese mtu yule yule anaonekana hana wa kumshonea. Kwetu asiye nacho ndiye anayepiga pasi kuliko wote. Mtoto anakwenda shule na shati lenye kiraka, lakini kiraka kimenyooka na kola imesimama. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba uchakavu ni mtindo ni kama kumtania. Na mtu ambaye maisha yake yote mtumba ndiyo nguo yake hana sababu ya kushangilia mtumba uliochanwa zaidi.

Nilifikiria kuacha. Halafu nikarudi kuangalia ile mishono ya mkono ndani ya koti la kijivu. Ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa safi. Nikaamua kwamba huku kwetu udenguzi hauruhusiwi uchafu hata kidogo: kilichoachwa wazi kiwe kimeshonwa vizuri kuliko kilichofichwa. Nikarudia mishono yote ya nje kwa mkono, uzi wa rangi ya embe juu ya kijivu, mishono inayolingana. Uzi mmoja unaoning'inia ni ajali. Nikiacha nyuzi, niliziacha jozi jozi, kushoto na kulia, urefu mmoja, zimefungwa fundo. Ukingo uliochuja mbele ulijibiwa na ukingo uliochuja nyuma. Vifungo nikavishona upya kwa nguvu kama vya sare ya polisi. Mtu akitazama aone kuna aliyekaa akaamua. Mama hakulipenda bado, lakini aliacha kuuliza kama limekwisha.

Kanga niliiingiza kwenye vazi la pili, na hapo palikuwa na ubishi mwingine. Nilitaka bitana ya koti iwe kanga, kisha koti ligeuzwe, kanga iwe nje na sufu ndani. Mpango wa awali ulikuwa kukata kanga vipande nikitawanya pindo na mji. Mzee wa kibarazani hakusema kitu, ila mama mmoja anayeuza chai pale jirani aliniuliza jina litakwenda wapi. Kanga iliyokatwa jina katikati ni kitambaa tu, alisema, si kanga. Nilimwona ana haki. Nikabadilisha patani ili maneno yote yapite mgongoni mazima, kutoka ubavu hadi ubavu, na pindo likae chini kama linavyokaa mtu akijifunga. Ndilo vazi lililopendwa kuliko yote, na sifa nusu ni za mama chai.

Kwa anayetaka kuchanganya kanga na sufu: kanga mpya ina wanga na inachuja rangi. Ifue peke yake, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe, ndipo uikate. Yangu nyekundu niliiharakisha, na pasi ya mvuke ilipopita juu yake ikaacha waridi kwenye felti nyeupe ya kola. Ilibidi nitafute koti jingine kwa ajili ya ile felti. Na unapounga vitambaa vya uzito tofauti, kile kinachobakia kirefu kidogo kiweke chini, meno ya cherehani yatakivuta kimezwe. Ukikiweka juu kitakukusanyikia mwishoni.

Gharama. Mavazi matatu yalinila kama laki mbili na nusu, ukihesabu makoti, kanga, nyuzi, nauli, ovaloki ya kulipia na makoti mawili yaliyokufa njiani. Makoti yenyewe ni sehemu ndogo kabisa ya fedha hiyo. Muda ndio uliokwenda: kufumua koti moja la turubai vizuri ni kazi ya siku nzima na zaidi, macho yanauma, mgongo unauma, na vidole vina chale za wembe. Anayepanga ratiba ya mradi aweke nusu ya muda wote kwenye kufumua, atakuja kunishukuru.

Kwenye kutetea kazi mbele ya wakaguzi wa chuo, niliulizwa swali moja kwa kila ukingo: kwa nini hapa pameachwa? Pale nilipokuwa na jibu, nilipita. Pale nilipojibu kwamba nilipenda muonekano wake, nilikatwa alama, na kwa haki. Kisha mmoja wao akauliza: mitumba ikipigwa marufuku, wewe utafanya nini?

Swali halikuwa la utani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe sokoni ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia upande wa nguo nafuu ya AGOA, ile sheria yake ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Nchi nyingine, yetu ikiwemo, zilikuwa zimeshalegeza. Nilijibu kwamba nitafumua nguo zilizomo makabatini mwetu, maana zilizokwisha kuingia zinatosha vizazi. Nikamtaja Bobby Kolade, aliyekulia Kampala, mwenye chapa ya BUZIGAHILL: ananunua mitumba ya Owino, soko la Kampala, anaifumua, anaiunda upya na kuirudisha kuuzwa kule kule ilikotoka. Mkusanyiko wake ameuita kwa Kiingereza Return to Sender, kejeli inayoeleweka bila maelezo. Swali lao la mwisho lilikuwa la biashara, na hapo sikuwa na jibu zuri. Kila koti ni tofauti, patani haijirudii, saizi hazipangiki. Anachofanya Kolade, na ninachojaribu sasa, ni kurudia mbinu: aina moja ya mkato, mahali pamoja pa kuunga, kwa koti lolote litakalokuja. Wateja wanaelewa hivyo.

Kuuza kumenifundisha kutaja bei bila kuomba radhi. Mtu atakwambia Kariakoo anapata suti nzima mpya kwa hiyo hela. Ni kweli, anapata. Mwambie aende, kwa upole. Mwingine atapenda koti, alipe, halafu aombe umkunjie pindo. Zamani nilikataa kwa hasira. Siku hizi namuuliza ataivaa wapi, na kama ni kazini namkunjia.

Jambo ambalo sikuliandika popote mpaka lilipotokea ni ufuaji. Mteja wangu mmoja alitia koti kwenye mashine, mzunguko wa moto, pamoja na jinzi. Matamvua yalijifunga mafundo, turubai ikajikunja, sufu ikasinyaa ikamtosha mwanawe. Alinilaumu, na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Sasa kila vazi linatoka na kitambaa cheupe kimeshonwa ndani ya mfuko, kimeandikwa kwa kalamu isiyofutika: fua kwa mkono, maji baridi, usikamue, anika kivulini likiwa limelazwa, pasi iwe ya wastani juu ya kitambaa chenye unyevu, na uzi ukichomoka usiuvute, lete. Marekebisho ya mwaka wa kwanza siyatozi hela.